Mkaguzi aje kabla ya zege

Nyumba tunayoishi hapa Reading, Uingereza, ni ya zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, na jiko lake lilikuwa dogo kiasi kwamba watu wawili hawapishani. Tulipoamua kuliongeza kwa nyuma, wafanyakazi wenzangu Waingereza walinipa pole kabla hata sijamaliza kueleza. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha barua, ada na jirani mkorofi. Kipindi hichohicho dada yangu alikuwa anaongeza vyumba viwili na fremu ya duka kwenye nyumba ya familia Mbagala, Dar es Salaam, kwa fedha nilizokuwa natuma mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo niliishi ujenzi wa nchi mbili kwa wakati mmoja, na tangu hapo nina jambo moja ambalo naona sisi tulio nje tulisemee kwa nguvu: nyumbani tumeliweka swali la usalama wa jengo ndani ya swali la umiliki wa kiwanja, na kwa kufanya hivyo tumewanyima ukaguzi watu walio wengi.

Nianze na huku. Watu wengi nyumbani wanaamini kwamba Ulaya huwezi kugongelea msumari bila karatasi ya serikali. Sivyo. England ina orodha ndefu ya kazi ambazo mwenye nyumba anaruhusiwa kuzifanya bila kuomba kibali cha mipango miji. Nyumba iliyoshikana na nyingine inaweza kuongezwa kwa nyuma hadi mita 3, ya ghorofa moja, na ile inayosimama peke yake hadi mita 4, ilimradi urefu wa kwenda juu na masharti mengine yafuatwe. Ukizidisha hapo, au ukiwa kwenye eneo la hifadhi ya majengo ya kale, masharti yanakaza. Ombi la kawaida la kuongeza nyumba lilipandishwa ada hadi pauni 528 Aprili 2025, halmashauri inapewa wiki nane kuamua, na majirani wanaulizwa maoni yao. Sisi tulibaki ndani ya mita 3, hivyo upande huo hatukuomba chochote.

Lakini kuna mlango wa pili, na huo hauna msamaha kwa sababu tu nyumba ni yako. Ni kanuni za ujenzi zenyewe: msingi, kuta, boriti la chuma linalobeba ghorofa baada ya kuvunja ukuta wa zamani, njia ya kutokea moto ukiwaka, mabomba ya maji machafu, umeme. Hizi zinasimamiwa na idara nyingine, yenye watu wengine. Mkaguzi wao haulizi kiwanja ni cha nani, wala kama ukuta wako unampendeza jirani. Anauliza kama jengo litasimama na kama waliomo watatoka salama.

Alipokuja kwetu mtaro wa msingi ulikuwa umechimbwa na lori la zege limeshaagizwa. Aliinama, akapima kina kwa futi ya chuma, akachoma chini kwa fimbo nyembamba ya chuma, kisha akageuka kuangalia mti ulio kwenye bustani ya jirani. Udongo wa hapa ni mfinyanzi. Mizizi ya mti inaunyonya maji wakati wa kiangazi, unasinyaa, mvua zikirudi unavimba, na msingi ulio juujuu unapanda na kushuka nao hadi ukuta unapasuka. Akasema tuongeze kina, karibu nusu mita. Fundi hakubishana, akapiga simu kuahirisha zege. Niliumia kwa gharama, siwezi kukataa. Lakini nilisimama pale kando ya shimo nikifikiri ni misingi mingapi Mbagala imefukiwa bila jicho la mtu yeyote zaidi ya fundi aliyeijenga.

Jirani naye ana sheria yake, ya mwaka 1996, inayohusu kuta za mpaka. Ukichimba karibu na msingi wake, ndani ya mita 3 na chini ya kina chake, unampa taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla. Ukigusa ukuta mnaochangia ni miezi miwili. Ana siku 14 za kujibu, na asipojibu sheria inachukulia kwamba hamjakubaliana, anateuliwa mtaalamu wa kusimamia haki za pande zote mbili, ambaye kwa kawaida analipwa na anayejenga. Jirani yetu ni mama mtu mzima anayeishi peke yake. Mtaalamu alipita chumba kwa chumba nyumbani kwake akipiga picha kila ufa uliokuwepo, hata ule mwembamba juu ya dirisha la ngazi, ili baadaye pasiwe na mabishano kuhusu ufa upi ni wa zamani na upi tumeuleta sisi. Tumebaki majirani wazuri. Nina hakika karatasi ile imechangia.

Milango hii miwili haikuzaliwa siku moja, na mpangilio wake una somo kwetu. Moto mkubwa wa London ulitokea 1666, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuujenga upya mji: kuta za nje ziwe za matofali au mawe, unene wake upimwe, na wapimaji wateuliwe kuhakikisha. Mfumo wa leo wa kuomba kibali cha kuendeleza ardhi ulikuja na sheria ya mipango miji ya 1947. Waingereza walianza kukagua jinsi nyumba zinavyojengwa miaka 280 kabla ya kuweka mfumo huo wa kuruhusu zijengwe wapi. Hawakusubiri mji upangike ndipo waangalie kama kuta zitasimama.

Sisi tumefanya kinyume. Ukienda halmashauri kuomba kibali cha ujenzi, kati ya vitu vya kwanza unavyoombwa ni uthibitisho wa umiliki na ramani zilizochorwa na mtaalamu. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa kwenye maeneo ambayo hayakupimwa. Watu walinunua kwa mkataba wa serikali ya mtaa, majirani wakasimama kuwa mashahidi wa mpaka, mwenyekiti akagonga muhuri, maisha yakaendelea. Urasimishaji, yaani kuyapima maeneo hayo na kutoa hati, unafanyika, ila nyumba hazisubiri urasimishaji. Mtu wa Mbagala, Gongo la Mboto au Manzese asiye na hati anajua fika kwamba akijipeleka kwa mhandisi wa manispaa anajitangaza kuwa mvunja sheria. Kwa hiyo hajipeleki. Anayehitaji ushauri kuliko wote, aliyejenga bondeni kwenye tope kwa tofali dhaifu, ndiye anayejificha zaidi.

Matokeo yake serikali inakutana na mwananchi mwishoni, fedha zikiwa zimekwisha. Inakuja na rangi nyekundu na kuchora X ya bomoabomoa. Tuliona bonde la Msimbazi Desemba 2015, tukaona Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara 2017, watu waliojenga kwa miaka mingi wakitoa mabati na milango usiku ili wabakiwe na chochote. Sibishani kwamba mabondeni si mahali pa kuishi, na barabara lazima zipanuliwe. Ninachosema ni kwamba mtu aliyemwaga msingi wake mchana kweupe, mbele ya mtendaji wa mtaa, alistahili kuambiwa siku ile ya msingi.

Na si hasara ya mali tu. Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka Machi 29, 2013 na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, jengo lenye maduka na watu ndani, wakafa zaidi ya 20. Baada ya Kariakoo Rais Samia aliagiza majengo ya eneo lile yakaguliwe. Agizo zuri, ila ukaguzi wa jengo lililokwisha kupigwa lipu ni kazi ngumu sana. Nondo zimeshazikwa.

Hapo ndipo sisi wa nje tunapoumia bila kujua. Dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti jioni moja: "Kaka, fundi anasema jamvi linamwagwa kesho asubuhi, kokoto na saruji vimeshafika, tuma hela ya vibarua." Nikauliza nani ameangalia nondo. Akanitumia picha. Picha ilikuwa safi, jua la jioni, vijana wamesimama pembeni wanatabasamu. Lakini picha ya simu haioneshi kama nondo ni ya milimita 12 au 10, haioneshi ringi zinazofunga nondo zimeachiana sentimita ngapi, wala mfuko mmoja wa saruji utachanganywa na ndoo ngapi za mchanga. Tulimtafuta mhandisi wa kumlipa mwenyewe, akaenda, akaagiza nguzo mbili zifungwe upya kabla ya kumwaga. Ilichelewesha kazi na fundi alinuna. Ofisi ya umma tuliyojaribu kwanza ilitujibu kwamba bila hati hawana namna ya kutuma mtu.

Jibu lile silikubali hadi leo. Mhandisi kusimama kando ya shimo na kusema chimba zaidi hakumpi mtu haki ya ardhi. Ukaguzi wa msingi ungeweza kutolewa kwa yeyote anayejenga, kwa ada ndogo, na cheti chake kikaandikwa wazi kwamba si ushahidi wa umiliki wala kinga dhidi ya bomoabomoa. England imetenganisha mambo haya kiasi kwamba unaweza kuomba kibali cha mipango hata kwa ardhi ambayo si yako, ukishamtaarifu mwenyewe. Na unaweza kujenga nyumba imara kabisa na bado ikavunjwa, kama ilivyompata mkulima Robert Fidler wa Surrey, aliyejenga nyumba mfano wa ngome na kuificha nyuma ya marobota ya majani makavu hadi 2006. Alipambana mahakamani miaka mingi, mwishowe ikabomolewa 2016. Uimara lilikuwa swali moja, ruhusa swali jingine.

Sitaki nionekane naisifia nchi ya watu kupita kiasi. Jengo la Grenfell Tower, London, lilifanyiwa ukarabati uliokamilika 2016, likafunikwa nje kwa paneli zinazoshika moto, na idara ya ukaguzi ya halmashauri ikatoa cheti cha kukamilika. Juni 14, 2017 liliwaka moto uliogharimu maisha ya watu 72, wengi wao wahamiaji na watoto wa wahamiaji kama wetu. Karatasi ilikuwepo, muhuri ulikuwepo. Aliyetakiwa kuangalia hakuangalia inavyopasa. Ndiyo maana ninapodai ukaguzi nyumbani simaanishi fomu nyingine ya kujaza. Namaanisha mtu mwenye futi mkononi na viatu vyenye tope, ambaye jina lake linaandikwa kwenye cheti na anaweza kuitwa kujibu miaka kumi baadaye.

Najua nitaambiwa mkaguzi huyo atataka chai. Wapo watakaotaka. Lakini hali ya sasa ndiyo inayozalisha chai nyingi zaidi, kwa sababu kila mwenye nyumba ana kosa la kuficha, na mtu mwenye kosa la kuficha ni rahisi kumkamua. Ukimwondolea hofu ya hati, anaweza kumwita mkaguzi mwenyewe, kumdai risiti na kumshtaki akizembea.

Mahali pa kuanzia tunapo. Mauziano ya kiwanja yanapita serikali ya mtaa na majirani wa pande nne wanasaini. Utaratibu huohuo ungeweza kutumika mtu anapoongeza chumba au kuchimba shimo la choo karibu na mpaka: majirani waarifiwe, waandike walichokiona, mhandisi wa kata aitwe kabla ya zege. Wataalamu tunao, kila mwaka vyuo vinatoa vijana wa uhandisi ambao wanakaa bila kazi.

Kila tunapokutana na viongozi wa ubalozi, mazungumzo yanakwenda kwenye hadhi maalum ya wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, umiliki wa ardhi na ada za kutuma fedha. Yote ni ya haki. Mkutano ujao naomba tuongeze hili pia. Fedha zetu nyingi zinaishia kwenye saruji na nondo za nyumba wanazolala mama zetu na wadogo zetu, na ofisi inayopaswa kuzikagua inasubiri hati kwanza.