Marijampolė: Shule Iliyofunguliwa kwa Nia Moja Ikafanya Nyingine

Noti ya litas 5 iliyotumika nchini Lithuania katika miaka ya 1990 ilikuwa na picha mbili ambazo, kwa maoni yangu, zinaeleza historia ya shule moja vizuri kuliko orodha ndefu ya wahitimu. Upande wa mbele ulikuwa na sura ya Jonas Jablonskis, mwanaisimu anayehesabiwa kuwa baba wa Kilithuania sanifu. Upande wa nyuma ulikuwa na sanamu iliyochongwa na Petras Rimša mwanzoni mwa karne ya 20: mama wa kijijini ameketi penye gurudumu la kusokotea nyuzi, na mtoto wake yuko ubavuni, kitabu kimefunguliwa, anafundishwa kusoma. Sanamu hiyo inaitwa Vargo mokykla, yaani Shule ya Dhiki.

Jablonskis alisoma katika gimnasia ya Marijampolė, mji mdogo ulio kando ya mto Šešupė, kusini-magharibi mwa Lithuania. Noti ya litas 50 ilikuwa na sura ya Jonas Basanavičius, naye alisoma hapo. Noti ya litas 500 ilikuwa na sura ya Vincas Kudirka, naye pia alisoma hapo. Katika noti za thamani tisa mbalimbali zilizotumika kabla nchi hiyo haijaingia katika euro mwaka 2015, tatu zilibeba sura za watu waliokaa kwenye madawati ya shule moja ya sekondari. Leo shule hiyo inaitwa Gimnasia ya Rygiškių Jonas, na hilo ni jina la kalamu la Jablonskis mwenyewe, lenye maana ya Jonas wa Rygiškiai, kijiji ambako familia yake ilihamia akiwa mdogo.

Historia ya shule ya namna hii kwa kawaida huandikwa kama mlolongo wa majina makubwa: fulani alipita hapa, akawa mkuu wa nchi, fulani naye alipita hapa, akatunga wimbo wa taifa. Sina ugomvi na majina hayo, na mengine nitayataja. Ninachokataa ni ile picha inayojengeka kichwani mwa msomaji kwamba shule ilikusudia kuwatoa watu hao na ikafaulu. Haikukusudia. Gimnasia ya Marijampolė ilifunguliwa na serikali iliyokuwa na shabaha nyingine kabisa, na jambo lililoipa heshima yake lilipitia kwenye somo la hiari, pembeni ya ratiba, na kwenye fedheha ambayo wanafunzi wenyewe walikuja kuiungama baadaye.

Turudi mwaka 1863. Wapolandi na Walithuania waliinuka dhidi ya utawala wa Kaizari wa Urusi, na uasi huo ulizimwa kwa ukatili. Baada yake serikali ilipiga marufuku uchapishaji wa vitabu vya Kilithuania kwa herufi za Kilatini, ikataka lugha hiyo iandikwe kwa herufi za Kirusi. Marufuku hiyo ilidumu miaka 40, kuanzia 1864 hadi 1904. Sisi tunaotumia Kiswahili, lugha iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu karne na karne kabla ya kuzoea hizi za Kilatini, hatuhitaji kuelezwa sana jinsi herufi inavyofungamana na ibada na barua za nyumbani. Walithuania walikuwa Wakatoliki waliozoea vitabu vya sala vyenye herufi za Kilatini, na wakavikataa vile vya serikali. Vitabu vyao vikawa vinachapishwa Prussia ya Mashariki, upande wa Ujerumani, katika miji ya Tilsit na Ragainė, kisha vinavushwa mpakani usiku na watu walioitwa knygnešiai, neno ambalo kwa Kiswahili ni wabeba vitabu tu. Aliyekamatwa aliweza kupelekwa uhamishoni Siberia.

Katika hali hiyo, mwaka 1867, shule iliyokuwapo Marijampolė ilipandishwa hadhi na kuwa gimnasia kamili ya wavulana, yenye kufundisha kwa Kirusi. Na humo, ajabu, Kilithuania kiliruhusiwa kuwa somo la hiari. Ruhusa hiyo ilitokana na hesabu za kisiasa. Eneo la Suvalkija, ulipo mji wa Marijampolė, ng'ambo ya mto Nemunas, lilikuwa sehemu ya Ufalme wa Poland uliokuwa chini ya Kaizari, na kanuni zake hazikulingana na za maeneo mengine ya Lithuania. Watawala waliona kwamba wakiwatenganisha wakulima wa Kilithuania na mabwana wa Kipolandi, na wakiwapa wakulima hao njia ya kupanda ngazi kupitia shule za Kirusi, uasi mwingine hautapata miguu. Kwa hiyo waliruhusu vipindi vichache vya Kilithuania, na wakatenga nafasi kumi za ufadhili katika Chuo Kikuu cha Moscow kwa vijana wa Kilithuania wa eneo hilo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya zamani zaidi. Suvalkija ilipata kuwa chini ya Dola ndogo ya Warsaw iliyoundwa na Napoleon, na huko utwana ulifutwa mwaka 1807, zaidi ya miaka 50 kabla ya kufutwa katika sehemu nyingine za Lithuania mwaka 1861. Mkulima aliyekuwa huru kwa vizazi viwili aliweza kuweka akiba, na mwenye akiba aliweza kumlipia kijana wake ada, chumba cha kupanga mjini na sare ya shule. Wazazi wengi walifanya hivyo wakitumaini kupata padri katika ukoo. Wazazi wa Basanavičius walikuwa na nia hiyohiyo. Mtoto wao alimaliza gimnasia mwaka 1873, akaenda Moscow, akasomea udaktari.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Kudirka aliingia shuleni hapo mwaka 1871, akiwa mtoto wa mkulima. Baadaye, alipokuwa mtu mzima, aliandika kwa uwazi usio wa kawaida jinsi alivyoishi miaka ile. Alisema kwamba alijihadhari asizungumze Kilithuania, na akajitahidi watu wasigundue kuwa baba yake alivaa koti nene la kikulima na hakujua lugha nyingine yoyote. Yeye mwenyewe alijikakamua kuzungumza Kipolandi, ingawa alikizungumza vibaya, kwa sababu Kipolandi kilikuwa lugha ya waungwana. Baba au ndugu wengine walipokuja mjini kumtembelea, alikaa mbali nao kila alipoona wanafunzi wenzake au mabwana wakitazama. Alizungumza nao kwa utulivu pale tu walipokuwa peke yao au nje ya mji.

Huyu ndiye aliyetunga Tautiška giesmė, wimbo wa taifa wa Lithuania, mwaka 1898.

Nimelisoma ungamo hilo mara nyingi na kila mara nasimama pale kwenye koti. Baba ametoka kijijini, amekuja kumwona mwanawe ambaye kwa ajili yake amelima na kuuza, na mwana anaangalia huku na huku kuona nani yuko barabarani. Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini methali hiyo haimwelezi kikamilifu mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyetupwa katikati ya lugha mbili zenye cheo, moja ya serikali na nyingine ya waungwana, huku ya tatu, ya nyumbani, ikinuka moshi na zizi. Simlaumu Kudirka. Nafikiri alifanya tendo la ujasiri mkubwa alipoliweka hadharani jambo ambalo wengi wa rika lake walilizika. Aliandika pia kwamba toleo la kwanza la jarida la Aušra, maana yake Alfajiri, lililoanzishwa na Basanavičius mwaka 1883 na kuchapishwa ng'ambo ya mpaka, lilipomfikia mkononi, alishindwa kuinua macho yake, akaketi mezani na kulia. Mwaka 1889 akaanzisha jarida lake, Varpas, yaani Kengele. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1899 akiwa na umri wa miaka 40.

Ndiyo maana sikubaliani na usemi kwamba shule ile ilimfundisha uzalendo. Ilimfundisha kuona aibu, kama shule nyingi zinavyofanya pasipo kuandika aibu hiyo katika ratiba. Lakini shule hiyohiyo ilimweka chini ya dari moja na vijana wengine waliokuwa na siri kama yake. Yeye na Jablonskis walimaliza masomo mwaka uleule, 1881. Mkusanyiko huo wa watoto wa wakulima, ambao haukuwapo kwa wingi wa namna hiyo katika gimnasia nyingine za nchi, ndio uliofanya kazi ambayo hakuna mkaguzi wa Kaizari aliyeitegemea.

Kisha yuko mwalimu. Petras Kriaučiūnas alisoma Marijampolė, akarudi kufundisha hapo mwaka 1881. Alifundisha lugha za kale, na pamoja nazo Kilithuania, somo ambalo mwanafunzi angeweza kuliacha bila kupoteza alama. Mwalimu mwingine angelipitisha juujuu. Kriaučiūnas alilichukua kama kazi ya maisha yake, akawakusanya wanafunzi, akawaonyesha kwamba maneno ya bibi zao yana sarufi na yana historia ndefu ambayo wasomi wa Ulaya walikuwa wakiyasafiria kuja kuyasikiliza. Mwaka 1887 aliondolewa katika ualimu. Miaka sita tu, na mmoja wa wanafunzi walioondoka na cheti mwaka huohuo wa 1887 ni Kazys Grinius, aliyekuwa daktari, mhariri, na mwaka 1926 rais wa Lithuania hadi mapinduzi ya kijeshi ya Desemba yalipomwondoa. Kama ningeombwa nichague jina la kuandikwa kwanza katika historia ya shule hii, ningelichagua la Kriaučiūnas kabla ya hayo yaliyoingia kwenye noti.

Kwa upande wa Jablonskis, serikali iliyomsomesha haikutaka kumwajiri nyumbani. Mkatoliki wa Kilithuania hakupewa kwa urahisi kazi ya ualimu katika nchi yake mwenyewe, kwa hiyo alifundisha lugha za kale Mintauja, ambayo leo ni Jelgava nchini Latvia, kisha akahamishiwa Tallinn, leo mji mkuu wa Estonia. Likizo zake alizitumia kusikiliza wakulima na kuandika maneno yao. Sarufi yake ilitoka Tilsit mwaka 1901 kwa jina la kujificha, Petras Kriaušaitis, kwa kuwa marufuku ilikuwa bado haijaondolewa. Humo mfumo wa herufi ulipangwa karibu kama unavyotumika leo, pamoja na herufi ū ambayo ni mchango wake, na msingi wa lugha sanifu ukawa lahaja ya watu wa Suvalkija, lahaja ya vijiji vilivyokuwa vikipeleka watoto Marijampolė. Lugha ambayo Kudirka aliificha barabarani ikawa ndiyo kipimo cha usahihi kwa taifa zima.

Kuna mambo ambayo hadithi hii haina budi kuyabeba ingawa hayapendezi kwenye sherehe. Shule ilikuwa ya wavulana. Mabinti wa wakulima walewale walisubiri hadi mwaka 1907, jumuiya ya Žiburys ilipowafungulia shule yao mjini Marijampolė, na hilo liliwezekana baada tu ya mapinduzi ya 1905 kulegeza mkono wa serikali. Ukiitazama tena ile sanamu ya Rimša unaona kwamba aliyefundisha kusoma kwa miaka yote 40 ya marufuku ni mwanamke ambaye mlango wa gimnasia haukufunguka kwake.

Vilevile Marijampolė ulikuwa mji wa Wayahudi kwa sehemu kubwa, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia nao walikuwa na gimnasia yao iliyofundisha kwa Kiebrania. Tarehe 1 Septemba 1941, siku ambayo watoto wa nchi hiyo huanza mwaka wa shule, maelfu ya Wayahudi wa mji huo na wa vijiji vya jirani, pamoja na watoto wao, waliuawa kwa risasi karibu na mto Šešupė. Makala ya shule kongwe ya Marijampolė inayonyamaza kuhusu shule ile nyingine inakuwa imesimulia nusu ya mji. Naona ni haki kutaja hapa kwamba Grinius na mkewe Kristina walimficha Myahudi nyumbani kwao wakati wa utawala wa Wanazi, na Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, ikawatambua kuwa Wenye Haki miongoni mwa Mataifa.

Na shule hiyohiyo iliyomtoa mtunzi wa wimbo wa taifa ilimfundisha pia Vincas Mickevičius-Kapsukas, kiongozi wa wakomunisti wa Lithuania. Kuanzia 1955 hadi 1989, chini ya utawala wa Kisovieti, mji mzima uliitwa Kapsukas kwa heshima yake, na wimbo wa Kudirka haukuruhusiwa. Jina la zamani lilirudi karibu wakati mmoja na wimbo. Sioni sababu ya kumfuta Kapsukas katika orodha ya wanafunzi, kwa sababu naye alikuwa mtoto wa mkulima aliyekaa katika madarasa yale, na maswali aliyoyaokota humo aliyajibu kwa njia yake.

Lau ningepewa ukurasa mmoja wa kuieleza shule hii kwa watoto wanaoanza kidato cha kwanza hapo, ningeweka picha ya sanamu ya mama na mtoto wake. Chini yake ningeandika saa na siku za vile vipindi vya hiari vya Kriaučiūnas. Na mahali fulani karibu na lango ningemweka mzee Kudirka, katika koti lake la kikulima, amekuja kutoka kijijini kwao Paežeriai kumwona mwanawe.