Tumelipa Kutazama Ukungu

Jamani, hivi kweli mtu anakuuzia tiketi ya kutazama bonde huku akijua bonde halionekani? Jumamosi tulisimama kwenye kituo kimoja cha kutazamia Bonde la Ufa, ile barabara ya kushuka Mai Mahiu. Julai hii, saa mbili asubuhi, ukungu wa Limuru umetanda mpaka taa za malori huzioni. Kijana wa langoni akapokea pesa za watu watano, neno hakusema. Mama yangu, na magoti yake yale, akapanda ngazi polepole, akashika ukingo wa mbao uliolowa chepechepe, akauliza, "Longonot iko wapi, mwanangu?" Mlima wa mita 2,776, hata kivuli chake hakuna!

Wageni wote pale walinung'unika. Mzee mmoja akasema yeye huja saa sita mchana, jua likishapasua ukungu, na huona kreta, lile shimo la kileleni mwa Longonot, vizuri. Basi liandikeni hilo langoni! Au semeni tu, "Mama, subiri kwanza, kutafunguka." Choo nacho tulilipia kando. Kilichoniuma zaidi, mama alirudi garini akiniomba msamaha, ati amenitia hasara.