Mshahara wa kijana, bima ya wazazi

Chukua nyumba moja ya watu wetu kule Marekani. Baba ana lori lake mwenyewe, mama anahudumia wazee majumbani, mwajiri wake hatoi bima ya afya. Wana watoto wawili, na mkubwa ana miaka 20: anasoma chuo, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi anapanga mizigo ghalani. Bima ya wote wanne wanainunua kwenye soko la Obamacare, soko la bima ya afya lililowekwa na sheria, kwa msaada wa ruzuku ya serikali.

Wazazi wanatarajia kuingiza dola 115,000 mwaka 2026. Kijana akipata dola 16,000, mapato yake hayagusi ruzuku hata kidogo, kwa sababu hajavuka dola 16,100, kiwango kinachomlazimu tegemezi anayeishi kwa mshahara kujaza fomu ya kodi. Akiongeza zamu chache za Desemba akafika 16,500, zinazoingia kwenye hesabu ya familia si zile 400 zilizozidi. Zinaingia zote. Jumla inakuwa 131,500, na kikomo cha ruzuku kwa familia ya watu wanne ni 128,600. Ruzuku ya mwaka mzima imekwenda, na kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 sheria inadai irudishwe yote. Kuanzia 2021 hadi mwisho wa 2025 kikomo hicho kilikuwa kimesimamishwa. Sasa kimerudi.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja, tena nzito. Kijana huyu analala kwa wazazi, anakula kwao, na sheria inamhesabu kuwa tegemezi mpaka afikishe miaka 24 maadamu anasoma muda wote na hajigharimii zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Nyumba moja, chungu kimoja. Bila kanuni hiyo, tajiri angemwandikisha mwanawe peke yake kama maskini ili apate bima kwa fedha za umma. Ndiyo maana kijana anayestahili kuwa tegemezi wa mtu hawezi kupewa ruzuku kwa jina lake, hata wazazi wakiacha kumwandika kwenye fomu yao ya kodi. Mimi hapo nakubali.

Lakini mtazame kijana mwenyewe. Kila karatasi yake ya mshahara inaonyesha makato ya asilimia 7.65 kwa ajili ya pensheni na matibabu ya wazee, tangu dola ya kwanza. Kwenye makato ni mtu mzima, kwenye ruzuku ni mtoto. Na mwenzake ambaye baba yake ameajiriwa na kampuni yenye bima hana wasiwasi wowote: anabaki kwenye bima hiyo mpaka miaka 26, na mchango wa mwajiri hautozwi kodi hata kama kijana si tegemezi tena na analipwa vizuri. Zamu zilezile za Desemba, nyumba moja inaumia na nyingine haihisi kitu, na tofauti yao ni mzazi anafanya kazi kwa nani. Hilo silikubali.

Kwa Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, mambo hugeuka. Pale kinachotazamwa ni kama mzazi anatarajia kumwandika. Kijana wa miaka 20 akiandikwa, hupimwa kwa mapato ya wazazi. Ikiwa hatarajiwi kuandikwa na anajaza fomu yake mwenyewe, katika majimbo yaliyopanua mpango huo kikomo cha mtu mmoja kilikuwa dola 21,597 kwa viwango vya 2025. Mzazi humwandika kwa ajili ya punguzo la kodi la dola 500, kumbe mtoto amebaki bila bima.

Kanuni ya nyumba moja ibaki. Kinachohitaji kurekebishwa ni hesabu ya mshahara wa kijana: ihesabiwe ile 400 iliyozidi, si 16,500 nzima. Bunge la Marekani halijafanya hivyo, na familia ya lori haiwezi kulisubiri. Yenyewe inaweza kumuuliza kijana mwezi wa kumi amefikia dola ngapi, kabla hajakubali zamu za sikukuu. Na kama kiwango kimeshavukwa, baba asiye na mpango wa pensheni kazini anaweza kuweka dola 3,000 kwenye akaunti ya kustaafu ya IRA ya kawaida kabla ya siku ya mwisho ya kodi, katikati ya Aprili ya mwaka unaofuata. Mapato yanayohesabiwa yanashuka hadi 128,500, chini ya kikomo kwa dola 100, na ruzuku inabaki.