Kadiria kwanza, kalkuleta baadaye

Nikiwasikia wanafunzi wa famasia hapa Kigoma wakilia kwamba hesabu za dawa ni ngumu, huwa sikubaliani nao. Nyingi ni za shule ya msingi: uwiano, asilimia, desimali, kubadili gramu kuwa miligramu. Kinachowaangusha ni kukremu kanuni na kukimbilia kalkuleta kabla ya kujiuliza jibu litakuwa kubwa au dogo.

Chukua mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 180. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Hapo ndipo kanuni inapogeuzwa kichwa chini miguu juu: 120 gawanya kwa 180, zidisha kwa 5, inakuja 3.33, na mtu anaiandika bila hata kushtuka. Lakini 180 imezidi 120, kwa hiyo lazima dawa nayo izidi mililita 5. Jibu ni 7.5. Nukta ikiteleza ikawa 75, mtoto kaandikiwa kunywa chupa nzima ya mililita 60 na bado anadaiwa!

Mama muuza mawese pale soko la Mwanga huwezi kumkuta na kosa hilo. Tuseme dumu la lita 20 ni shilingi 80,000 nawe unataka lita 3. Atakutajia 12,000 huku anatafuta faneli. Uwiano ni uleule, ila yeye akikosea hasara ni yake.

Klorini ya kuulia vijidudu nayo ina mtego unapoizimua kwa maji. Unayo ya asilimia 3.5, unataka ya 0.5. Ukigawanya unapata 7, na wengi huandika sehemu moja ya klorini kwa saba za maji. Hapana. Saba ni jumla. Maji ni sehemu 6. Ukitia saba unabaki na asilimia 0.44 hivi. Mkoa huu ulishaona kipindupindu kule Kagunga mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika ufukweni, kwa hiyo klorini pungufu siichukulii kama kosa la daftarini.

Ningekuwa na uwezo, wiki za mwanzo za stashahada ningepiga marufuku kalkuleta. Kila swali lianze na makadirio kwa maneno: "itazidi kijiko kimoja, haitafika viwili." Na makadirio hayo yapewe alama. Anayeandika .5 badala ya 0.5 ningemkata, maana kwenye mwandiko wa haraka ile nukta haionekani na nusu inasomeka tano. Wataninung'unikia, najua, hasa wale waliokuja famasia wakikimbia hesabu.