Kuchora fremu ya baiskeli ya mlimani: wepesi wa leo au faili la miaka kumi?

Fremu ya baiskeli ya mlimani isiyo na shokapu ya nyuma ni mabomba manane tu: la shingo, la juu, la chini, la kiti, na jozi mbili za nyuma. Ongeza nyumba ya beringi za krenki na dropauti mbili za kushika ekseli ya nyuma, umemaliza. Kwa hiyo anayedai kwamba kazi hii haifanyiki bila SolidWorks, programu ya michoro ya kihandisi, anasema mazoea ya kiwandani. Karibu kila programu inayotajwa inaweza kuchora mabomba manane. Zinapoachana ni kwenye kona finyu iliyo nyuma ya krenki, na kwenye suala la nani ana mamlaka juu ya faili lako siku masharti ya leseni yatakapobadilika. Hili la pili halizungumzwi vya kutosha, nalo ndilo linaloumiza.

Tuanze na jiometri, maana hapo wengi hupoteza wiki nzima bure. BikeCAD, kazi ya Mkanada Brent Curry, haijui kitu kingine ila baiskeli. Ina toleo la bure kwenye kivinjari na toleo la kulipia, Pro. Unaijazia richi, yaani umbali wa mlalo kutoka katikati ya krenki hadi kilele cha bomba la shingo. Staki, yaani kimo cha kilele hicho hicho. Pembe, urefu wa uma wa mbele na kipimo cha tairi. Yenyewe inachora.

Faida yake inaonekana ukigusa uma. Uma wa gurudumu la inchi 29 wenye mchezo (umbali unaobonyea) wa milimita 140 una urefu wa karibu milimita 540 kutoka ekseli hadi taji, yaani sehemu ya juu inayounganisha miguu yake. Weka wa milimita 150 badala yake, na bomba la shingo linalala nyuma karibu nusu digrii, bomba la kiti nalo linalala vivyo hivyo, na krenki inapanda kama milimita 3. Kwenye BikeCAD unayaona hayo papo hapo. Kwenye programu ya jumla, uhusiano huo unaujenga mwenyewe, na ukiusahau mchoro utakudanganya bila kutoa onyo lolote.

BikeCAD Pro pia huchapa violezo vya mikato ya midomo ya mabomba. Angalizo moja: chapa kwa asilimia 100. Bomba la milimita 38.1 lina mzingo wa milimita 119.7, na kiolezo kikizungushwa kingo zake lazima zigusane. Printa ikiachwa ijipimie ukurasa, hupunguza asilimia tatu au nne, unabaki na pengo la milimita 4 na mkato usiokaa. Rula dakika moja kabla ya msumeno inaokoa bomba.

Mbona basi tusiishie hapo? Kwa sababu ya chenistei, yale mabomba mawili ya chini yanayotoka kwenye krenki kwenda ekseli ya nyuma. Chukua chenistei ya milimita 430, tairi la 29 lenye upana wa inchi 2.4, na sproketi ya mbele ya meno 32. Tairi lina nusu kipenyo cha karibu milimita 371, kwa hiyo sehemu yake nene kabisa iko kama milimita 89 nyuma ya krenki. Hapo, ukiacha nafasi ya milimita 6 ya matope, ukingo wa ndani wa bomba hauwezi kusogea karibu zaidi ya milimita 36.5 kutoka mstari wa katikati. Sproketi nayo inafika milimita 68 nyuma ya krenki, na mstari wa mnyororo ukiwa milimita 52 kutoka katikati ya fremu, uso wake wa ndani uko kwenye 50. Toa milimita 4 za usalama: ukingo wa nje wa bomba usizidi 46. Bomba lililonyooka likifunguka taratibu kuelekea habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) ya milimita 148, linabakiwa na upana wa milimita 11 au 12. Bomba la milimita 19 halipiti.

Kuna njia tatu za kutoka: kulibonyeza bomba, kulikunja, au kuweka bamba la chuma lililochongwa mahali pale. BikeCAD hukuonyesha chenistei kwa kutazamwa kutoka juu, kwa hiyo mgongano huo utauona. Bamba lenyewe, lenye unene unaobadilika na tundu la kuchomelea, huwezi kulichora humo ukampelekea fundi wa mashine. Hapo ndipo programu ya 3D inapostahili muda wako. Kwa maoni yetu, kwa fremu ya chuma isiyo na shokapu ya nyuma, ni hapo tu na kwenye dropauti.

Sasa ipi? Autodesk Fusion, iliyojulikana zamani kama Fusion 360, ndiyo inayopendekezwa zaidi, na si kwa kubahatisha. Makutano ya mabomba matatu kwenye nyumba ya beringi, kisha kuzungushia kingo, yaani kugeuza kona kali kuwa za mviringo, huenda bila kugoma. Ina njia za kuchonga kwa CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta, ndani yake, na leseni binafsi ni ya bure. Lakini soma masharti: faili kumi tu zinazoharirika kwa wakati mmoja, na kipato cha mwaka kutokana na kazi hiyo kisizidi dola 1,000 za Marekani. Mwaka 2020 kampuni ilipunguza mambo kadhaa kwenye leseni hiyo, uigaji wa mikazo (kukokotoa kwa kompyuta jinsi fremu inavyobeba nguvu) ukiwemo. Usafirishaji wa STEP, ambao ndio faili linalosomwa na karibu kila karakana, ulitangazwa kuondolewa, kisha ukarudishwa baada ya watumiaji kulalamika. Ulirudishwa, ndiyo. Lakini aliyekuwa na michoro ya miaka mitatu mle ndani alijifunza siku ile kwamba mlango haufungwi na yeye.

Onshape iko kwenye kivinjari kabisa, kwa hiyo hata kompyuta dhaifu inaiendesha. Kwa mpango wa bure, kila mchoro wako ni wa umma. Kwa fremu ya kujifurahisha hilo si tatizo. Kwa anayetaka kuuza, ni tatizo kubwa. Tena bila intaneti hakuna kazi, wakati Fusion inaruhusu kufanya kazi nje ya mtandao hadi wiki mbili. Pale ambapo bando linaisha katikati ya mwezi, tofauti hiyo si ndogo. SolidWorks ya watengenezaji binafsi ni nafuu, ila faili zake hazifunguki kwenye toleo la kibiashara, kwa hiyo ukikua unaanza upya.

FreeCAD ni programu huria, na kwa miaka mingi lawama dhidi yake zilikuwa za haki. Badilisha pembe ya shingo kutoka digrii 66 hadi 64.5, na programu ilibadili majina ya ndani ya nyuso na kingo. Uzungushaji ulioweka kwenye kingo ya juu ukahamia pembeni, au mti mzima wa mchoro, yaani orodha ya hatua zake, ukawa mwekundu kwa makosa. Toleo la 1.0 la Novemba 2024 lilipunguza sana ugonjwa huo na kuleta sehemu yake yenyewe ya kuunganisha vipande. Haukuisha wote. Kuzungushia kingo pale mabomba mawili yanapokutana kwa pembe kali bado hugoma mara kwa mara kuliko kwenye Fusion, na anayeanza atakereka.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maumivu hayo hutokana na namna watu wanavyochora. Wanachora bomba, kisha wanaweka mchoro mpya juu ya uso wa bomba hilo, kisha mwingine juu ya huo. Chora kiunzi kwanza: mchoro mmoja wa ubavuni, krenki ikiwa kwenye sifuri, wenye mistari ya katikati ya mabomba pekee, kila kipimo kikiwa na jina kwenye jedwali la vigezo. Mabomba yote yafuate mistari hiyo, si kingo za mabomba mengine. Mikato iwe ya mwisho, na uzungushaji uje baada ya mikato. Ukifuata utaratibu huo, FreeCAD inavumilia mabadiliko ya pembe. Ukiupuuza, hata Fusion itavunjika.

Tunavyoona, anayetaka fremu moja mwezi huu atumie BikeCAD na Fusion, asijisikie vibaya. Anayekusudia kurudi kwenye mchoro ule ule kila msimu, kubadilisha saizi, kuuza fremu mbili tatu, avumilie FreeCAD. Kwa vyovyote vile, kila unapomaliza hatua hifadhi STEP kwenye diski yako mwenyewe. STEP haibebi vigezo, umbo tu, lakini umbo linatosha kujenga upya. Na unapotoa DXF (faili la mchoro bapa) ya dropauti kwa mkataji wa leza, andika kipimo kimoja kwa maneno, kwa mfano tundu la ekseli ni milimita 12. Faili lisilotaja kizio huweza kusomwa kwa inchi, nalo hutoka kubwa mara 25.4.

Fremu yenye shokapu ya nyuma ni habari nyingine. Mchezo wa milimita 150 kwa shokapu yenye msukumo wa milimita 60 unatoa uwiano wa wastani wa 2.5, lakini unachohitaji kujua ni jinsi uwiano huo unavyobadilika njiani, na mnyororo unavuta vipi unapokanyaga. Programu ya Linkage imetengenezwa kwa hilo. Tafuta sehemu za maungio humo kwanza, kisha zihamishie kwenye kiunzi cha 3D. Kuanza na 3D hapa ni kuchora beringi mara kumi.

Kuhusu uigaji wa mikazo, FreeCAD inao bure, na wengine huichagua kwa sababu hiyo. Utumie kulinganisha michoro miwili, si kuthibitisha mmoja. Bomba huchoka kando ya weldi, mahali ambapo joto limebadilisha chuma na umbo la weldi halimo kwenye mchoro. Kiwango cha ISO 4210, cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, hukanyaga fremu halisi ya mlimani kwa nguvu ya niutoni 1,200 mara 100,000, na hakuna rangi za kwenye skrini zinazochukua nafasi ya jaribio hilo.