Panya asiyeugua

Wanaopinga kuwatumia panya waliobadilishwa jeni kuchunguza saratani ya matiti ya kurithi wana hoja moja waipendayo kuliko zote, nayo ni ya kweli. Mwanamke aliyerithi nakala moja mbovu ya jeni ya BRCA1 ana uwezekano wa takriban asilimia 70 wa kupata saratani hiyo kabla ya kutimiza miaka 80. Panya mwenye nakala moja mbovu na moja nzima huzeeka bila kuugua. Nakala zote mbili zikiharibiwa, hazaliwi kabisa. Kiinitete hufa kikiwa na siku chache tu. Sasa mnyama huyu, wanauliza, anatufundisha nini?

Hoja hiyo huishia njiani. Vifo vya viinitete ndivyo vilivyoonyesha kwamba BRCA1 si jeni ya matiti peke yake: kila seli inayogawanyika kwa kasi inaihitaji, maana hukarabati DNA iliyokatika. Mwaka 1999, huko Marekani, akatengenezwa panya ambaye jeni hiyo huzimwa ndani ya titi tu. Uvimbe ukatokea, lakini kwa panya wachache, tena baada ya miezi 10 hadi 13. Ilipoondolewa na nakala moja ya p53, jeni inayoiamuru seli iliyoharibika ijiue, ukaja upesi. Hapo fumbo likafunguka: kuipoteza BRCA1 kwanza huiumiza seli yenyewe, na haiwi saratani mpaka mlinzi wa pili naye alale. Uvimbe wa wanawake wenye kasoro hii nao, mara nyingi, p53 yake imeharibika. Kuliita hilo kushindwa kwa panya ni kumwonea.

Kisha kuna dawa. Mwaka 2008, watafiti wa Uholanzi waliwapa olaparib, dawa inayolenga seli zisizoweza kukarabati DNA vizuri, panya wenye uvimbe usio na BRCA1 wala p53. Uvimbe ukanywea, halafu ukarudi mkaidi. Kumbe seli zilikuwa zimeongeza pampu za kutema dawa; pampu zilipozibwa, olaparib ikafanya kazi upya. Ujanja wa namna hiyo unahitaji mwili mzima na miezi ya matibabu ndipo uonekane. Marekani iliidhinisha olaparib kwa saratani ya ovari mwaka 2014, na ya matiti 2018, kwa wagonjwa wenye kasoro za BRCA.

Wapinzani hawakosi la kusema. Titi la panya limejaa mafuta, la mwanamke lina nyuzinyuzi nyingi. Na huyu ni kiumbe anayezalishwa ili augue; hilo halisafishiki kwa maneno matamu.

Ila pale wanapotushinda kweli ni kwenye kuzuia saratani isianze. Tunataka kujua seli ya kwanza huasi vipi ndani ya mwanamke ambaye bado ana nakala moja nzima, na hapo panya, kama walivyosema tangu mwanzo, haugui. Kwa swali hilo, tishu za wanawake walioamua kuondolewa matiti kabla ya kuugua, zikikuzwa maabara, zina mengi zaidi ya kusema.