Aliyeombewa na hakupona tumemwekea nafasi gani?

Ukisali Unguja, iwe Mkunazini kwa Waanglikana, Minara Miwili kwa Wakatoliki au kwenye makanisa ya kilokole ya Ng'ambo, hukosi kukutana na watu waliovuka kutoka bara kutafuta riziki: mhudumu wa hoteli Paje, mwalimu, askari, fundi. Akiugua, mama yake yuko Singida au Songea. Kanisa ndilo ndugu. Kwa hiyo ibada ya maombezi hapa haipimwi kwa kipimo cha hospitali peke yake.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Yakobo 5:14 inamtaka mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na Wakatoliki wanautunza mpako huo kama sakramenti. Tena yapo maradhi ambayo kidonge hakiyafikii: msiba usiokwisha, kinyongo cha miaka, hofu ya madeni. Nimeona mtu akija kwenye mkesha amekunja uso, hasemi na yeyote. Wiki zikapita, akaanza kupata usingizi na kuzungumza tena na mkewe kwa simu. Huo kwangu ni uponyaji. Jirani Mwislamu, ambaye naye huwaombea dua wagonjwa wake, haoni ajabu. Huleta uji na kuuliza hali.

Wenye shaka nao hawakurupuki. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa za VVU wakiamini wamepona. Ilikuwa bara, lakini hatari hiyo haiishii bandarini. Mtu mwenye presha anaweza kutoka kwenye maombi akijisikia mwepesi kabisa, na presha iko juu vile vile. Mhubiri anayemwambia atupe vidonge anachezea maisha ya mtu. Hapo sioni pande mbili.

Linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni ushuhuda wa Jumapili. Aliyepona huitwa mbele, hupewa maikrofoni, vigelegele hupigwa. Yule aliyeombewa tena na tena na mguu bado umevimba hukaa nyuma, akisikia kwamba imani yake ni haba au kuna dhambi hajaitubu. Baadaye haji tena, na hakuna anayemuulizia. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa. Timotheo alishauriwa na Paulo huyo huyo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Luka, mwenzao, alikuwa tabibu. Nani atathubutu kusema hawa hawakuwa na imani?

Kukua kiroho nakuona zaidi kwenye jumuiya ndogondogo zinazosali nyumba kwa nyumba. Mmoja humsomea mgonjwa Neno, mwingine humfulia nguo, mwingine humsindikiza hospitali ya Mnazi Mmoja alfajiri kuwahi foleni. Ni kazi ngumu, na mwenye zamu za hoteli haiwezi kila wiki. Mkesha angalau anaweza kuufikia akitoka kazini. Ndiyo maana sitaki mikesha ifungwe. Nataka mchungaji, kabla hajamwekea mgonjwa mkono kichwani, amuulize kama amemeza dawa leo, na akishasema amina awaulize waliosimama pale nani atakwenda kumtazama kesho.